NYIKA SI TUPU: SAFARI YETU YA RUANGWA, NACHINGWEA NA LIWALE

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na mmoja wa waliomaliza mwaka 1970)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wanafunzi wa leo mlioketi huko nyuma, na ninyi wazee wenzangu tuliopanga foleni moja ya uji:

Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze jambo lolote nilipendalo kwa muda wa nusu saa, isipokuwa siasa na maradhi yangu. Nimetii maagizo. Nitazungumza juu ya safari ya gari tuliyofanya mimi na mke wangu mwezi Septemba mwaka 2023, kutoka Lindi mjini kupitia Ruangwa na Nachingwea, hadi ukingoni mwa Pori la Akiba Selous upande wa Liwale. Tulikuwa wazee wawili, Land Rover moja ambayo nayo ilikwisha kufikia umri wa kustaafu, na madumu manne ya maji. Wengi wenu mnajua kazi niliyoifanya maisha yangu yote: nilikuwa mpima ardhi. Mpima ardhi ni mtu wa ramani, na nitakayosema leo yanahusu zile sehemu za ramani zilizoachwa nyeupe.

Chanzo cha safari kilitoka mbali. Binti yetu anaishi Marekani na mumewe. Mwaka ule walichukua likizo wakaendesha gari majuma mawili katika hifadhi za taifa za jangwani, Joshua Tree na Death Valley, ambazo zote mbili zilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1994. Kila jioni picha zikaingia katika simu ya mama yake: mchanga, miamba myekundu, barabara iliyonyooka kama uzi hadi upeo wa macho. Death Valley ndipo mahali palipopimwa joto la nyuzi 56.7 mwaka 1913, na hata leo hakuna kipimo rasmi duniani kilichopita hicho. Binti akatuambia jambo moja tukashangaa. Alisema hata katika tanuri lile wamo wenyewe, kabila la Timbisha Shoshone, ambao walikuwako kabla ya hifadhi, wakakaa miaka mingi ndani yake kama wageni wasiokaribishwa, hata sheria ya mwaka 2000 ilipowarudishia ekari zipatazo 7,700 za ardhi yao.

Kisha akasema, "Mama, njooni mwakani tuwatembeze jangwani."

Mke wangu akamjibu, "Mwanangu, mimi nyika ya mama yangu sijaiona. Nitaanzaje kwenda kutazama ya watu?"

Akakata simu, akanigeukia. "Baba Zuhura, gari linaweza kufika Liwale?"

Ndugu zangu, mwanamke aliyekaa na mtu miaka arobaini na sita akiuliza swali la namna hiyo, haulizi habari za gari.

Inafaa niwaeleze nyika ya mama yake ni ipi. Mama mkwe wangu alikuwa Mngindo, aliyezaliwa katika kijiji kilichokuwa kaskazini ya Liwale, mahali ambapo leo ni pori la wanyama. Katika miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza iliwahamisha watu wa huko. Sababu iliyotolewa ilikuwa malale: watu wakusanywe pamoja mahali penye huduma, mbali na mbung'o. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka hivyo katika nchi ile, na pori la akiba likapanuliwa juu ya mashamba yao. Yeye alikuwa mtoto mdogo. Hakujua mwaka, bali alikumbuka kwamba siku ya kuhama alipewa kuku mmoja ambebe, na kuku yule akafia njiani kwa jua. Wakati wa safari yetu alikuwa anakaribia miaka tisini, anaishi Nachingwea kwa mwanawe wa mwisho, na alikuwa na ombi moja: mtu akamwekee unga bibi yake, aliyezikwa kule, kabla yeye mwenyewe hajamfuata.

Basi tukaondoka Lindi alfajiri. Atakayependa kufanya safari hii nampa ushauri tangu sasa: afanye kati ya Julai na Oktoba. Masika yakishika, barabara ya Liwale hugeuka kuwa jambo la kumwombea mtu dua. Achukue matairi mawili ya akiba wala si moja, maji mengi kuliko anavyodhani atahitaji, na asivae bluu wala nyeusi, kwani mbung'o huzipenda sana rangi hizo.

Kutoka Lindi hadi Nanganga tulifuata bonde la Lukuledi. Tulipita Nyangao, ambako misheni ilishambuliwa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji, na jirani yake Mahiwa, ambako Wajerumani na Waingereza walipigana siku nne katika Oktoba 1917. Watoto shuleni husoma majina ya majenerali. Lakini wazee wa bonde lile walitusimulia habari za wapagazi na za maghala: kila jeshi lililopita lilichukua mahindi na mtama, likachukua na wanaume wa kubeba mizigo, likawaachia wanawake majivu. Nawaombeni muiweke habari hiyo akiba, maana tutarudi kwake.

Pale Nanganga tulikata kulia kuelekea Ruangwa. Njia hiyo siku hizi ina lami, na wale waliowahi kuisafiri juu ya magunia ya korosho katika lori wataona kama ndoto. Mikorosho ilikuwa imechanua pande zote, na harufu ya salfa ilikuwa bado ikielea hewani. Ukikipita kitongoji cha mwisho, nyika yenyewe inaanza. Mwezi Septemba huku kwetu nyika imekauka kweli kweli: majani yameungua, udongo umepasuka, vijito vyote vimebaki mchanga mtupu. Mgeni akishushwa hapo kwa ndege atasema ni jangwa. Lakini ndicho kipindi ambacho miombo, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka, inachipua majani machanga mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine rangi ya divai. Mke wangu aliniambia nisimamishe gari juu ya mwinuko mmoja, akashuka, akatazama bonde zima lililowaka wekundu ule mpaka kwenye vilima. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Mwanao anaendesha gari majuma mawili kutafuta mawe mekundu."

Ruangwa niliyoijua zamani ilikuwa njia panda yenye maduka machache. Tangu mwaka 1995 ni makao ya wilaya, ina uwanja wa mpira, ina timu ya Namungo inayocheza Ligi Kuu, na ina kinywe. Kinywe ni yale madini meusi yaliyomo katika penseli zetu, ambayo leo dunia inayatafuta kwa betri za magari ya umeme. Makampuni yamefika, na panapofunguliwa mgodi watu hawana budi kupisha, wakalipwa fidia na kujenga mahali pengine. Mzee mmoja tuliyekunywa naye chai alisema kwa utulivu kabisa kwamba babu yake alihama kwa ajili ya vita, baba yake akahama kwa ajili ya vijiji vya ujamaa, na yeye alikuwa akingoja zamu yake. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayehesabu misimu.

Kingine wanachozungumza Ruangwa ni tembo. Zamani ulikuwa wimbo wa watu wa Liwale peke yao, sasa ni wa wote, Ruangwa na Nachingwea pia. Tembo huingia shambani usiku, na asubuhi jasho la mwaka mzima halipo. Watu wengine wameuawa. Serikali hutoa malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyekufa. Nimeishi na Kiswahili miaka yote hii, lakini sijui kama nimewahi kusikia maneno mawili yaliyochaguliwa kwa uangalifu namna hiyo. Yanakiri yenyewe kwamba machozi hufutwa, hayalipwi.

Siku ya tatu tulifika Nachingwea. Hapo ningeweza kuzungumza mpaka chakula chenu kipoe, lakini nitachukua mambo mawili tu.

La kwanza ni karanga. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ilituma tume ndogo kuja kutafuta mahali pa kulima karanga katika Afrika ya Mashariki na Kati. Tume ilizunguka kwa majuma tisa, ikitazama sehemu kubwa ya nchi kutoka angani. Ikaleta mpango wa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu. Katika Tanganyika yalichaguliwa maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Sifa kubwa ya maeneo hayo machoni pa tume ilikuwa kwamba hayana watu. Yalikuja matrekta, mengine yametengenezwa kwa vifaru vya vita. Ilijengwa reli kutoka pwani, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Ilianzishwa bandari ya Mtwara. Januari 1951 mpango ukavunjwa, baada ya pauni zipatazo milioni 36 kuteketea, na karanga zilizovunwa ni aibu kuzitaja mbele ya watu waliotoka kula.

Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini tuta lake bado lipo. Mimi nililiona kwa jicho la kazi: katika nchi ambayo kila njia inapinda kufuata mti na kisima, ukiona mstari umenyooka kabisa ujue ulichorwa ofisini. Tulitembea juu yake mimi na mke wangu karibu saa nzima. Nyasi zimefunika, mbuzi wanapita, watoto wanalitumia kwenda shule. Na ninyi mtakumbuka kengele yetu, kile kipande cha chuma kilichoning'inia chini ya mwembe, ambacho mwalimu wa zamu alikigonga saa kumi na moja alfajiri bila huruma. Kile kilikuwa kipande cha reli. Miaka minne tuliamshwa na mpango wa karanga.

La pili ni Farm 17. Jina hilo ni la shamba la karanga, lakini kati ya mwaka 1965 na 1975 palikuwa pia kambi ya FRELIMO, walipofunzwa wapigania uhuru wa Msumbiji. Kutoka Nachingwea, mwezi Mei 1975, Samora Machel alianza safari yake ya kurudi nyumbani, akavuka Ruvuma na kushuka mpaka kusini kabisa ya nchi yake, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Mahali ambapo Mwingereza alipaita patupu, akashindwa kuotesha karanga, ndipo ilipooteshwa nchi nzima. Na wenyeji wa vijiji vya jirani, ambao ati hawakuwako, ndio waliokaa na siri ya kambi ile miaka kumi.

Sasa niulize swali ambalo tume ya mwaka 1946 haikupata nafasi ya kuliuliza kutoka dirishani mwa ndege: kama kweli nchi ile ilikuwa na watu wachache, walikwenda wapi?

Jibu lake liko barabarani, mnalipita mkiendesha. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya pembe na watumwa kati ya Kilwa na Ziwa Nyasa ilikata katikati ya nchi hii, na watu wakakimbilia milimani. Wakaja Magwangwara, ambao mwaka 1882 walivamia Masasi. Mwaka 1905 ikalipuka Maji Maji. Boma la Liwale lilichomwa mapema kabisa katika vita ile, na Mjerumani alipoona risasi hazimalizi kazi, alitumia njaa. Mashamba yalichomwa, maghala yakachomwa, mbegu zikaliwa. Wanahistoria wetu hukadiria waliokufa kufikia laki mbili na nusu au tatu, na wengi wao hawakuuawa na bunduki, waliuawa na njaa. Ilipokuja vita ya mwaka 1914 waliobaki wakatolewa wapagazi. Mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa msitu, msitu ukaleta mbung'o, mbung'o wakaleta malale, na malale yakawa sababu ya kuwahamisha wale waliokwisha salimika na yote hayo. Ndipo akaja mtu na ramani, akatazama, akaandika: pori tupu.

Ndugu Mwenyekiti, sikusudii kumfanya mtu yeyote shetani. Nataka tu tukubaliane kwamba utupu ule haukushuka na mvua. Ulitengenezwa na watu, kwa miaka mia moja, na tarehe zake zinajulikana.

Jioni ile tuliketi na mama mkwe uani. Macho yake yalikuwa yamefifia lakini kumbukumbu ilikuwa kama kisu kilichotoka kunolewa. Nilitoa daftari kama nilivyozoea kazini, nikamwuliza alama. Akasema: kuna korongo la mchanga, ambalo wakati wa kiangazi lazima uchimbe ndipo upate maji. Ukingoni kuna jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala. Kutoka kwenye jiwe utaona miembe mitatu kwa safu. Kuna mkwaju. Na bibi yake amelala chini ya msolo, upande wa machweo. Kwa ambao si wa huku, msolo ndio mti ambao Wangindo, Wamwera na Wayao tangu zamani huwawekea wazee wao unga chini yake.

Nachingwea hadi Liwale ni kilometa zipatazo 130. Tulivuka Mbwemkuru, ambao wakati huo ulikuwa mchanga mpana mweupe wenye madimbwi hapa na pale, na nyayo za tembo pembeni ya kila dimbwi, kubwa kama sinia. Njiani kuna mipingo na mininga, na mizinga ya nyuki imetundikwa juu. Kila baada ya mwendo fulani, katikati ya miombo ambako hakuna nyumba wala moshi, unaona mwembe.

Hapo niliwaza sana. Mwembe hauoti nyikani wenyewe. Mwembe hupandwa, na hukaa zaidi ya umri wa aliyeupanda. Waswahili tunalo neno la mahali kama hapo: mahame. Tangu hapo nilianza kuhesabu. Kabla ya Liwale nilikuwa nimeandika mahame kumi na saba katika daftari, na nilikuwa natazama kutoka barabarani tu. Katika karatasi ya ramani niliyokuwa nayo hakuna hata moja lenye jina.

Liwale tulikwenda ofisi ya wanyamapori, tukaeleza shida yetu, tukapewa kibali na askari mmoja kijana wa kutusindikiza, mwenye bunduki na adabu nyingi. Alikuwa Mngindo. Mke wangu alipomtajia jina la ukoo wa mama yake, kijana alinyamaza kidogo, akasema, "Shikamoo shangazi," kwa mara ya pili, ingawa alikwisha msalimu.

Pori lile ni kitu kikubwa, wala sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimekuja kulipinga. Liliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ya kaskazini ilifanywa Hifadhi ya Taifa Nyerere, yenye kilometa za mraba 30,893. Mwaka 1976 tembo wa Selous na maeneo yanayolizunguka walihesabiwa kuwa karibu 110,000. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000, kwa sababu ya majangili. Nchi iliyopoteza tembo kiasi hicho ina haki ya kuweka askari. Tuliwaona tembo siku ile, saba na mtoto mmoja, wakichimba mchanga wa korongo kwa miguu wapate maji, kama wanavyochimba watu. Tuliwaona pofu, nyani, na tai wengi. Tulizima injini tukasikiliza. Ndugu zangu, ukimya ule una uzito, unausikia mabegani.

Tulitafuta siku nzima ya kwanza bila kupata. Makorongo yako mengi, na mawe yanayofanana na ng'ombe yako mengi kuliko ng'ombe. Siku ya pili, saa nne asubuhi, kijana alitushusha kwenye gari, tukafuata njia ya wanyama kwa miguu kama nusu saa. Mke wangu ndiye aliyeliona jiwe kwanza. Mimi niliona miembe, lakini ilikuwa miwili tu. Wa tatu ulikuwa umeangushwa na tembo zamani, na shina lake limekuwa chakula cha mchwa. Tulipofika chini yake nilijikwaa juu ya kitu. Kilikuwa jiwe la kusagia, limelala kichwa chini. Tukaligeuza. Uso wake ulikuwa umelika katikati, laini kama kiganja, kwa mikono ya wanawake ambao hakuna ramani iliyowahi kuwataja.

Mke wangu aliliwekea mkono pale palipolika. Mkono wake ulienea sawasawa.

Msolo tuliukuta upande wa machweo, mkubwa, hauna jani. Alipiga magoti, akaweka unga kidogo kidogo kama alivyofundishwa, akawaeleza waliolala pale yeye ni nani, mtoto wa nani, na kwa nini mama yake hakuweza kuja. Mimi na kijana tulisimama kando na kofia mkononi. Jiwe tuliliacha palepale, maana sheria ya hifadhi hairuhusu kuchukua kitu. Kijana mwenyewe ndiye aliyesema ukwaju ulioanguka hakuna atakayeuliza, akatuokotea punje chache.

Tuliporudi Nachingwea, mke wangu alimwekea mama yake ukwaju ule kinywani. Mzee akaumung'unya kwa muda, akauliza, "Huu wa mtoni au wa njiani?"

Kumbe mikwaju ilikuwa miwili, naye hakuona haja ya kututajia wa pili. Kutoka kwa swali lile likatoka jingine, na jingine. Nani alikaa karibu na mkwaju wa njiani? Nani alikaa ng'ambo ya korongo? Njia ilikwenda kwa nani? Nilitoa daftari. Usiku ule na asubuhi yake mama mkwe alinitajia kaya ishirini na tatu, kwa jina la mwenye nyumba na mahali iliposimama, na nani aliyekuwa fundi wa mizinga, na kisima kipi kilikuwa na maji matamu. Nikachora. Imetoka ramani ya kijiji kizima, yenye vipimo vya kukisia lakini yenye majina yote, mahali ambapo karatasi ya serikali ina rangi nyeupe.

Mama mkwe alifariki mwezi Februari 2024. Tulimzika Nachingwea. Tungengoja tupate likizo ya jangwani kwanza, majina yale ishirini na matatu yangeshuka naye kaburini, na mimi na ninyi tungeendelea kusema kuwa kule ni pori tu.

Ndugu zangu, hayo ndiyo niliyotaka kusema. Wengi wetu humu tumezaliwa na wazazi, au kulelewa na bibi, waliohamishwa na kitu fulani: vita, malale, vijiji vya miaka ya 1970, hifadhi, shamba, mgodi. Sisemi watu warudi. Waliohama wamejenga, wamepanda mikorosho, wanauza kwa stakabadhi ghalani, watoto wao wako katika shule hii. Ila yapo mambo ambayo yataamuliwa katika wilaya zetu miaka ijayo, juu ya mipaka ya hifadhi, juu ya tembo mashambani, juu ya kinywe, na katika kila mkutano wa namna hiyo atasimama mtu na ramani, aseme eneo hili halina watu. Siku hiyo itafaa awepo mwingine ukumbini mwenye ramani yake.

Kwa hiyo naleta pendekezo, Ndugu Mwenyekiti, na naomba liingizwe katika kumbukumbu za mkutano. Kila mwanachama, kabla ya mkutano wa mwakani, amwendee mzee mmoja aliyebaki katika ukoo wake. Amwulize jina la mahame yao, alama zake, na nani alikaa wapi. Aandike kwa kalamu yoyote. Gazeti letu lichapishe kurasa hizo, na nakala iwekwe katika maktaba ya shule, ambako wanafunzi hawa wa huko nyuma wataikuta. Kuchora nitachora mimi, bila malipo, maadamu mkono haujaanza kutetemeka.

Na wenye magari na wake zao, au waume zao, nawashauri: kabla ya kufikiria majangwa ya mbali, pitieni Nanganga, kateni kulia, mwende Septemba. Mkiuona mwembe peke yake nyikani, simamisheni gari, mwulizane ni wa nani.